Kijiji Kizima, Hatua Moja Kaskazini

Ofisi ya Mradi wa Maji,
Shinyanga,
8 Agosti 1983

Ndugu Makoye,

Salaam. Vipimo vyako vya upande wa Runzewe vimefika na gari la Jumatano, vina vumbi lakini vimekamilika. Nimeanza kuviingiza kwenye kompyuta, na hilo ndilo linalonifanya nikuandikie.

Programu uliyotuachia haina kosa. Inakwenda kwenye kila kigingi ulichokipima, inachukua kipimo chake, inawauliza majirani wanne, wa kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, inajumlisha, inagawa kwa tano, inaandika wastani, kisha inakwenda kigingi kinachofuata. Shida ni kwamba mashine hii haizoei. Kwenye kila kigingi inasoma amri zilezile upya, kama mgeni anayepita kijiji kizima na kujitambulisha jina na ukoo kwenye kila mlango.

Nimegundua kuwa mashine ina amri zinazoshika jedwali zima la vipimo kwa mara moja. Natoa nakala nne za jedwali. Ya kwanza naisogeza hatua moja kaskazini, ya pili kusini, ya tatu mashariki, ya nne magharibi. Nazipanga zote juu ya jedwali la asili, kama shuka tano zilizolazwa pamoja, kisha najumlisha. Kila kigingi kinajikuta kimekaa na majirani zake wote bila kuulizana. Amri chache tu, na nadhani ni haraka zaidi.

Nataka ruhusa yako nibadilishe, kwa kuwa kazi ni yako. Ndugu Anatoli, mkuu wetu wa mradi, anasema kwa mwendo wa sasa, na dizeli ya jenereta ilivyo adimu, tutakokotoa nusu tu ya eneo lako, ile ya kando ya barabara. Nusu ya kaskazini itaachwa, na mtambo wa kuchimba visima unahamia Tabora kabla ya mvua. Vijiji visivyo kwenye ramani havitachimbiwa. Sioni kama ni haki.

Wako katika kazi,
Mektilda


Kambi ya vipimo, Bulambila,
17 Agosti 1983

Ndugu Mektilda,

Mwangaluka.

Kuhamisha kijiji kizima hatua moja kaskazini? Dada, hilo lilishafanyika nchi hii, na mimi na wewe tulikuwepo. Sisi tulihamishwa na malori. Ng'ombe walifika, mtama ukabaki nyuma. Ukihamisha kijiji, uliza kwanza kama huko kunakokwenda kuna nafasi.

Programu yangu ni ya mtu anayetembea, najua. Mimi natembea. Nasimika vigingi, natandika waya, napitisha umeme ardhini, nasoma namba kwenye mita, nahama. Ardhi yenye ufa wa maji hupitisha umeme kirahisi, namba inashuka. Ardhi ya mwamba mkavu inagoma, namba inapanda. Wewe unaona jedwali. Mimi naona miiba.

Lakini badilisha. Sharti langu moja: usiniambie kuwa yako ni ya haraka. Nionyeshe.

Wabeja,
Makoye


Shinyanga,
20 Agosti 1983

Dada Salvina,

Shikamoo. Natumaini Kamili amepona macho. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na kile kitenge nimekishona gauni kama ulivyotaka.

Kuna jambo nakuambia wewe peke yako. Vipimo vinavyofanyika hapo kijijini vinaletwa kwangu, na mimi ndiye ninayeviingiza kwenye mashine inayochora ramani ya maji. Bulambila ipo kwenye nusu inayotaka kuachwa. Nimepata njia ambayo pengine itaharakisha kazi ili nusu zote mbili ziingie. Ofisini hakuna anayejua kuwa huko ni nyumbani kwetu. Wakijua, kila namba nitakayotoa wataitazama pembeni. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Na mimi mwenyewe, dada, nikikaa peke yangu najiuliza kama sivutii.

Nikifunga macho nakuona umeinama mbugani ukikwangua mchanga kwa kata, ukingoja maji yajikusanye. Ndoo moja, nusu ya asubuhi. Mimi hapa nafungua bomba. Si kila siku linatoa, lakini nafungua.

Usimwambie mtu.

Mdogo wako,
Mektilda


Bulambila,
29 Agosti 1983

Mdogo wangu Mektilda,

Marahaba. Kamili ni mzima, jana kaangua mapapai ya mwalimu na kachapwa, kwa hiyo macho yanaona.

Sasa sikia. Huyo fundi wa vipimo anakula kwangu. Hema lake liko shuleni, lakini mwalimu mkuu aliniomba nimpikie. Anakula ugali kama anajengea nyumba. Juzi akaanza kusema habari za msichana wa Shinyanga anayebishana naye kwa barua.

Nikamuuliza, "Ni mkali?"

"Mkali, Mama Kamili! Hata salamu zake zimenyooshwa kwa rula."

"Basi achana naye."

"Aa, hapana," akasema. "Barua yake ikichelewa nakosa mtu wa kugombana naye."

Nilikaribia kucheka mboga ikaungua. Umesema nisimwambie mtu, sikumwambia.

Hayo mambo ya kuvuta ngoma, mimi sijui mashine. Najua baba akigawa nyama hujipa kipande cha mwisho, hata kama ng'ombe ni wake. Nawe gawa hivyo.

Dada yako,
Salvina


Shinyanga,
3 Septemba 1983

Ndugu Makoye,

Ulisema nikuonyeshe. Haya.

Nilichukua kona moja ya jedwali, vigingi vya kuzunguka shule tu. Programu yako ilimaliza baada ya mimi kunywa chai, kuosha kikombe na kusoma gazeti lote, pamoja na matangazo ya vifo. Yangu ilimaliza kabla sijaketi. Majibu ni yaleyale hadi tarakimu ya mwisho, nimelinganisha kila namba.

Nimemwonyesha Ndugu Anatoli. Amefurahi sana, ameahidi kwamba nusu ya kaskazini itaingia. Amempigia simu hadi mkuu wa mtambo.

Sijivuni. Naona tu kwamba nilikuwa sahihi.

Mektilda


Bulambila,
11 Septemba 1983

Ndugu Mektilda,

Hujivuni, nimesikia.

Nyie Wasumbwa hamna ngoma zetu, basi nikueleze. Kwetu kuna vikundi viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno wanashindana, na hawachezi kwa zamu. Wanacheza saa ileile, uwanja uleule, huyu huku na huyu kule, ngoma zote mbili zinalia pamoja. Watu wanakimbilia wanakovutwa. Unajua kwa nini? Kwa sababu zamani mtu akishindwa alisema, siku yenu kulikuwa na gulio, siku yetu kulikuwa na jua. Siku ikiwa moja, hakuna kisingizio.

Sasa mimi nauliza. Yangu uliipima saa ngapi? Mchana, jenereta ikiwa imechoka na chumba kina joto? Yako asubuhi? Na uwanja wenyewe ni upi? Umecheza kwenye ua wa nyumba, vigingi vya shule tu, ukawaita watu kutangaza ushindi wa wilaya.

Peleka jedwali lote. Zote mbili, siku moja, kwa kupokezana. Kisha niandikie. Nikishindwa nitakuletea asali ya Runzewe mwenyewe.

Makoye

Mama anayenipikia anakusalimu, ingawa hakujui. Anasema msichana anayebishana hivyo lazima alinyonya sana.


Shinyanga,
17 Septemba 1983

Makoye,

Nimeshindwa, na sijui hata nianzie wapi.

Ni kweli yako niliipima mchana. Sikukusudia; nilianza na yangu kwa kuwa niliipenda. Safari hii nimepokezana kama ulivyosema, kwenye jedwali lote. Yako ilianza kutembea polepole kama kawaida yake. Yangu haikufika hata hatua ya pili. Mashine iliandika kwamba kumbukumbu imejaa, ikasimama.

Ni lile ulilonitania. Kila ninapolihamisha jedwali nahitaji pori tupu la kuliweka. Vijiji vinne vilivyohamishwa, pamoja na cha asili, pamoja na cha majumlisho. Kijiji kikiwa kidogo pori linatosha. Kikiwa wilaya, watu wanabaki juu ya malori. Yako haihitaji pori lolote, inahitaji muda tu, na muda ndio hatuna.

Ndugu Anatoli alikuja akasimama nyuma yangu. "Vipi, mwanahesabu? Nimeshaahidi watu." Nikamwambia anipe wiki. Akasema, "Wiki nitakupa. Dizeli ya wiki sina."

Nilikaa na aibu yangu usiku kucha, na juzi asubuhi ikanijia hivi. Kwa nini nichague kati ya mtu mmoja anayetembea na kijiji kizima kinachohama? Watu wakilima shamba kubwa hawalimi shimo moja moja, wala hawalimi lote kwa jembe moja kubwa. Wanagawana ngwe, kila mtu kipande chake. Nikalikata jedwali kwa ngwe, mistari kadhaa ya vigingi kwa mara moja. Ndani ya ngwe nahamisha vyote kwa amri moja. Nikimaliza nafuta, natumia pori lilelile kwa ngwe inayofuata.

Nimejaribu upana wa aina tatu. Ngwe nyembamba mno, mashine inapoteza muda kwa kuanza na kumaliza, tunarudi kwenye mwendo wako. Pana mno, pori linaisha. Ya kati inakwenda vizuri ajabu. Jedwali lote kwa asubuhi moja, Makoye, pamoja na nusu ya kaskazini. Nimepima siku moja, uwanja mmoja, ngoma zote.

Asali ibaki Runzewe. Hukushindwa.

Mektilda


Shinyanga,
24 Septemba 1983

Dada Salvina,

Shikamoo. Ramani imetoka, yote, na mstari wa maji unapita Bulambila! Unaanza mashariki, unapita nyuma ya shule, unapita nyuma ya nyumba yako, kati ya jiko na zizi, dada, unakwenda hadi mwisho wa karatasi. Namba zimeshuka kwenye mstari wote. Ndugu Anatoli ametia alama ya msalaba kwa kalamu nyekundu, na mtambo utaletwa hapo.

Sikuvuta ngozi. Imekuja yenyewe. Waambie tu kina mama kwamba kuna habari njema, ila usiseme imetoka kwangu.

Mdogo wako mwenye furaha,
Mektilda


Shinyanga,
27 Septemba 1983

Makoye,

Hii inakuja na dereva, usingoje posta kunijibu. Ndani kuna barua nyingine, ya Mama Kamili anayekupikia. Mpe mkononi. Ni dada yangu. Bulambila ni kwetu, nimezaliwa pale, na sikukuambia kwa sababu niliogopa mtafikiri napiga hesabu za nyumbani.

Sasa fikiria utakavyo, lakini soma kwanza.

Ile ramani iliyotoka juma lililopita ina mto mrefu unaopita kijijini. Niliitazama siku tatu nikiwa na furaha. Siku ya tatu furaha ikaniudhi. Mto ulikuwa umenyooka. Maji hayanyooki, Makoye. Ufa wa mwamba unapinda, unagawanyika, unapotea. Kinachonyooka hivyo ni barabara, au rula.

Nikachukua rula yangu. Mstari unapita hasa pale ngwe moja ilipoishia na nyingine kuanzia.

Kigingi cha ukingoni mwa ngwe kinatafuta jirani yake wa upande wa pili, hakimkuti, maana yuko kwenye ngwe ambayo haijalimwa. Mashine ikaweka sifuri mahali pake. Sifuri ikashusha wastani. Namba ikishuka sisi tunasoma maji. Mishono mingine, pale ngwe zinapokutana, iliangukia kwenye mbuga, ambako namba zenyewe ziko chini, haikuonekana. Huu umeangukia kwetu, juu ya mwamba, ukang'aa kama mto. Na kwa kuwa ulipita nyuma ya nyumba ya dada yangu, sikuutilia shaka. Ungepita kwingine ningechukua rula siku ileile. Hilo ndilo linaloniumiza.

Nilimwendea Ndugu Anatoli.

"Juzi umenipa mto, leo unaninyang'anya?"

"Haukuwa mto, mzee. Ni mshono wangu."

"Na fundi wa mtambo nimeshamwambia Bulambila!" Akavua miwani. "Kuna mwingine aliyeuona mshono huo?"

"Hapana."

"Basi ungeweza kunyamaza. Tungechimba, tungekosa maji, tungesema ni mapenzi ya Mungu."

Nikamwambia pia kwamba ni kwetu. Akacheka hadi akakohoa. "Yaani umejinyang'anya mwenyewe? Kaa chini. Nichoree wa kweli kabla dizeli haijaisha."

Nimesahihisha. Sasa kila ngwe inaazima mstari mmoja kwa jirani yake kila upande, inautumia kuuliza, kisha inaurudisha bila kuuandika. Inachelewa kidogo tu. Majibu nimeyalinganisha na ya programu yako, niliyoiacha itembee kipande kile chote hadi mwisho, na yamekubaliana kila kigingi. Yako ni ya polepole, lakini haijawahi kunidanganya.

Nyuma ya nyumba ya dada hakuna kitu. Ila kaskazini zaidi, kwenye kilima cha mawe kati ya Bulambila na Mwalugoye, namba zinashuka, na zinashuka kwa kupinda. Nenda ukapime tena kwa waya wako. Sitaki kuamini peke yangu.

Mektilda


Bulambila,
5 Oktoba 1983

Mektilda,

Nimepima kilima mara mbili, kwa pande mbili. Namba zimeshuka. Nimetuma vipimo kwa Ndugu Anatoli na dereva huyohuyo.

Barua ya dada yako nilimpa mkononi. Alikuwa ameshawaambia kina mama, na walikuwa wameanza kupanga nani atapitia wapi ili wasikanyage viazi vyake. Alisoma amesimama. Akakunja. Nikasema, "Mama Kamili, pole." Akasema, "Pole ya nini? Maji ambayo hayapo nimeyakunywa siku kadhaa, yalikuwa matamu." Akachukua ndoo akaenda mbugani. Kesho yake akaniuliza kilima cha mawe ni mbali kiasi gani ukilinganisha na mbuga. Nikamwambia ni chini ya nusu. Akasema, "Basi mbona mnakaa?"

Kuhusu yale uliyonificha. Ni mimi ninayechukua barua za kijiji hiki Runzewe. Agosti niliibeba bahasha ya Mama Kamili, nikailinganisha na barua yako ya kwanza, na mwandiko ulikuwa mmoja, ile "k" yako yenye mgongo ulionyooka kama askari. Nilijua tangu siku hiyo. Sikusema, kwa sababu wa kusema ulikuwa wewe.

Na nikuambie mimi ningefanyaje. Nimesimama nyuma ya ile nyumba, nimewaona wanavyorudi na ndoo. Ningeuona mstari ule, ningemwita mchimbaji, wala nisingetafuta rula. Kwa hiyo usijiumize sana.

Mtambo umefika Runzewe jana. Umekwama tairi, si kitu kingine.

Makoye

Asali naileta hata kama nimekatazwa.


Bulambila,
23 Oktoba 1983

Mdogo wangu,

Marahaba, kabla hujasalimu.

Mtambo ulilia siku tatu pale kilimani, vumbi jeupe kila mahali, watu wa Mwalugoye upande ule na sisi upande huu, tumekaa juu ya mawe kama tunangoja harusi. Siku ya pili wazee wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Fundi wako hakukaa hata dakika, alikuwa anazunguka tu, namwambia kaa ule, hasikii. Siku ya tatu vumbi likaja tope. Zipora wa Mwalugoye akapiga kigelegele kabla ya wakati, akaambiwa anyamaze, tope lenyewe linaweza kuwa la mashine. Kisha yakaja maji. Mwanzo machafu, halafu meupe, halafu unaona vidole vyako ndani yake.

Pampu ya mkono imefungwa juzi. Si nyuma ya jiko langu. Napanda kilima, magoti yanalalamika. Lakini naondoka jua likiwa limeshatoka, narudi uji haujapoa.

Fundi wako huyo ameniuliza baba anapatikana siku gani kule Ushirombo alikohamia, na kama anapenda asali. Nimemwambia siku yoyote ila Jumapili, na asali anapenda. Mengine mtaandikiana, nyie mna kalamu.

Leo asubuhi pale pampuni kulikuwa na ugomvi mkubwa. Zipora anasema Mwalugoye waanze kwa kuwa pampu imeelekea kwao. Generosa wetu anasema mpini umeelekea kwetu. Wakatukanana hadi za bibi zao. Mmoja akamwaga ndoo nzima ya mwenzake, chwaa, juu ya mawe, na yule badala ya kulia akaiweka tena chini ya mdomo wa pampu, akaendelea kutukana huku akipampu.

Nilikaa pembeni nikasikiliza hadi mwisho. Tangu nizaliwe Bulambila sijawahi kuona mtu akimwaga ndoo ya mwenzake, na mwenye ndoo asilie.

Dada yako,
Salvina